Nilijifungua kwa upasuaji, gozi (kitambaa cha kufutia damu) ikabaki tumboni miezi 17. Naanzia wapi?

Fundi wa Mtama (6 Septemba 2025, saa 3:12 usiku)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi humu huwa nasoma tu, bei za korosho na vichekesho. Leo naandika kwa sababu nyumbani nimeshaambiwa ninyamaze na watu watatu, mmoja wao mama mkwe.

Machi 2024 uchungu ulinishika alfajiri, ikafika magharibi mtoto hashuki. Zahanati wakanipa rufaa. Hospitali siitaji jina, iko mkoa wetu huu wa Lindi, inatosha. Mvua ilikuwa inamwagika, gari likakwama mara mbili, tukafika saa sita usiku. Saa saba na kitu nikaingizwa chumba cha upasuaji.

Nilichomwa sindano ya mgongo, kwa hiyo sikulala. Kuanzia kifuani kushuka chini nilikuwa kama gogo, ila macho na masikio vilikuwa vyangu. Mbele ya uso wamenitandikia shuka la kijani. Chumbani walikuwa watatu: daktari, kijana wa usingizi aliyekaa kichwani kwangu, na nesi mmoja wa makamo aliyekuwa akimpa daktari vifaa. Basi.

Mtoto akatoka, hakulia. Nesi akaacha kila kitu, akamkumbatia mwanangu akatoka naye mbio chumba cha pili. Nikawa namsikia akimsugua na kumwambia, "Lia baba, lia baba." Huku kwangu daktari anafuta damu na kushona, hasemi neno. Mtoto alikuja kulia baadaye sana, au mimi niliona ni baadaye sana. Mpaka nahamishiwa kwenye machela, yule nesi hakuwa amerudi.

Wiki ya tatu tumbo likaanza. Upande wa kushoto, chini ya kitovu, kama mtu anakamua nguo. Homa inakuja usiku, asubuhi inaondoka. Nimetibiwa yutiai mara nne, taifodi mara mbili, vidonda vya tumbo mara moja. Nimeambiwa ni mshono unajivuta. Nimeambiwa ni wivu wa mke mwenzangu, wakati mume wangu hana mke mwingine, na kama anaye basi hata mganga alijua kabla yangu. Msimu wa korosho ulipokaribia mume wangu akauza kangomba, yaani kwa mlanguzi kwa bei ya chini kabla ya mavuno, gunia tatu zikiwa bado maua mtini, tupate nauli na dawa. Mnaojua kangomba mnajua tulipata nini.

Julai mwaka huu nikapimwa altrasaundi Lindi mjini, wakasema uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Tukaenda hospitali ya misheni. Wakafungua. Hakukuwa na uvimbe. Ilikuwa gozi, ile kubwa ya kufutia damu, utumbo umeizunguka na kugandana nayo. Walikata kipande cha utumbo wakaunga. Daktari alimwita mume wangu akamwonyesha kwenye sahani ya chuma, na mume wangu akawahi kupiga picha kwa simu.

Mimi nashona nguo, wajameni, miaka kumi na moja sasa. Ile picha nimeikuza nikaona pindo. Nguo ya mteja hainitoki mkononi mpaka nihesabu pini. Sasa mimi niliyeshonwa, nani alihesabu?

Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hata pesa. Karatasi ya ruhusa niliyopewa misheni imeandikwa kitu kigeni kimetolewa tumboni, haisemi gozi. Ile hospitali ya kwanza haijui hata kama nipo. Je, nina haki ya kuona faili langu? Nikilalamika, nalalamika kwa nani? Na kingine kinachonikaba: yule nesi ndiye aliyempa mwanangu pumzi. Sitaki afukuzwe kazi. Naweza kudai haki yangu bila kumtia yeye matatani?

---

Mtoto wa Mikindani (6 Septemba, saa 3:40 usiku)

Pole sana dada. Umenikumbusha 2007 pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja wakabadilishwa. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilizizima. Kama Dar kwa mabingwa yalitokea, huku kwetu usishangae. Ila usinyamaze.

---

Baba Nachi (6 Septemba, saa 4:05 usiku)

Mimi nitasema msilotaka kusikia. Mama yupo, mtoto yupo. Wangapi walitoka na mmoja, au hakutoka hata mmoja? Shukuru Mungu, funga ukurasa. Halafu fikiria, hospitali yenye chumba cha upasuaji kwenu ni hiyo hiyo moja. Mimba ijayo utapita mlango upi ukishawashitaki?

---

Nesi Mstaafu (7 Septemba, saa 12:30 asubuhi)

Mwanangu, marahaba. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi, Mtwara na Lindi, sasa nalea wajukuu na bustani ya mchicha. Baba Nachi, na wewe shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Nikueleze hesabu inavyokwenda, ili ukikaa mbele ya mkubwa yeyote ujue unauliza nini. Kabla kisu hakijagusa ngozi, watu wawili wanahesabu kwa sauti: anayempa daktari vifaa, aliyenawa na kuvaa glovu safi, na mwenzake anayezunguka kuleta vitu. Gozi zinahesabiwa tano tano au kumi kumi, zinaandikwa ubaoni. Ikifunguliwa pakiti nyingine katikati, inaongezwa ubaoni pale pale. Kwa mama anayejifungua, tunahesabu kabla mfuko wa uzazi haujafungwa, tunarudia kabla tumbo halijafungwa, na ngozi mwisho. Gozi zilizotumika hazitupwi kwenye ndoo zikapotea, zinatandazwa zionekane. Isipotimia, daktari hafungi. Anatafuta. Hata awe na hasira kiasi gani, nimeshatukanwa sana kwa hilo na sijutii.

Zile gozi kubwa za tumboni zinazotengenezwa kiwandani zina uzi unaoonekana kwenye eksirei, na nyingi zina kamba inayoning'inia nje. Lakini kuna mahali tulikuwa tunakata wenyewe kutoka kwenye jora, tunakunja, tunachemsha kwenye mashine. Hiyo haina uzi. Ikibaki ndani, eksirei haioni kitu, na altrasaundi inaonyesha tu kitu kama uvimbe. Hivyo usiwalaumu sana waliokusomea ile picha Lindi mjini.

Sasa mwanangu, soma tena ulichoandika. Chumbani walikuwa watatu. Nesi alikuwa mmoja. Mtoto hakulia, nesi akaenda na mtoto, na alifanya sawasawa, maana mtoto mchanga asiyepumua hakupi nafasi ya kusubiri. Sasa nani alibaki kuhesabu? Usiku ule walitakiwa wawepo manesi wawili upande wako na mkunga wa kumpokea mtoto. Aliyepanga zamu ile siye yule nesi. Ukiandika barua, andika habari ya zamu. Waulize walikuwa wangapi.

Na ile gozi yenyewe iko wapi? Picha ya simu ni nzuri, lakini simu huanguka chooni. Itoe nakala, mpe na mtu mwingine akutunzie.

---

Fundi wa Mtama (7 Septemba, saa 2:15 asubuhi)

Bibi Nesi nimesoma mara tatu. Mume wangu pia nimemsomea, akakaa kimya, kisha akasema, "Kumbe yule mama alikuwa peke yake." Gozi walibaki nayo misheni. Picha nimeshamtumia shangazi.

Baba Nachi, umeuliza mlango upi. Nimelifikiria hilo usiku kucha. Ila daktari wa misheni ameshaniambia mimba nyingine nisubiri, na ikija nisikae mbali na hospitali. Kwa hiyo mlango huo huo nitaupita, na ningependa siku hiyo wawe wanahesabu.

---

Daktari kijana (7 Septemba, saa 5:50 asubuhi)

Niko kazini kusini huku, siwezi kusema wapi. Dada, samahani kwa niaba ya kazi yetu. Nitasema mawili halafu nirudi wodini.

La kwanza, usishangae ukikuta faili limeandikwa kwamba hesabu ilitimia. Kuna utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa 2003. Walichambua wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu mwilini, vitu 61 kwa jumla, vingi vikiwa gozi. Kwa wale ambao hesabu ilifanyika, asilimia 88 waliandikiwa kuwa hesabu ni sahihi. Na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni waliopasuliwa kwa dharura, ambao mpango ulibadilika katikati ya upasuaji, na wenye miili mikubwa. Usiku wako ulikuwa na hilo la kwanza, dharura.

La pili, hili haliponywi kwa daktari kuwa na akili nyingi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vitu 19 vya kukagua: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Hiyo ya mwisho inamtaka nesi aseme kwa sauti kwamba vifaa, gozi na sindano zimetimia. Ilijaribiwa hospitali nane duniani, na moja ilikuwa yetu hapa Tanzania, Ifakara. Vifo kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo kutoka 11 hadi 7. Ni karatasi ya ukurasa mmoja. Nimefanya kazi mahali imebandikwa ukutani na kuwekewa alama ya tiki mgonjwa akiwa ameshafika wodini. Nimewahi kuitia tiki namna hiyo mimi mwenyewe, saa kumi alfajiri, baada ya upasuaji wa nne. Sikuwahi kumwambia mtu.

---

Baba Nachi (7 Septemba, saa 6:02 mchana)

Dokta, angalau wewe umesema ukweli. Bibi Nesi, shikamoo.

---

Wakili Kusini (7 Septemba, saa 1:20 usiku)

Dada, nimesoma nikiwa safarini, nivumilie nikiandika kwa mkato. Ushauri wa kina unahitaji nione karatasi, haya ni ya jumla.

Usianze na mahakama. Anza na faili. Andika barua kwa Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu, wa hospitali ya kwanza, omba nakala ya kumbukumbu zako zote za matibabu: fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji, fomu ya usingizi, karatasi ya hesabu ya gozi, maelezo ya wodini. Nakala ya barua kwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Nenda na nakala mbili, moja wapokee, ya pili wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Mhuri huo una thamani kuliko maneno yote utakayoambiwa pale mapokezi. Na misheni omba ripoti kamili inayotaja kilichotolewa ni nini. "Kitu kigeni" haitoshi, kitu kigeni hata mwiba wa samaki.

Umeuliza ulalamike kwa nani. Kuna njia mbili, usizichanganye. Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa manesi Baraza la Uuguzi na Ukunga, wao wanashughulika na mwenendo na leseni ya mtu: onyo, kusimamishwa, kufutwa. Hawakulipi fidia. Fidia ni kesi ya madai ya uzembe, na hapo mwajiri anawajibika kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini. Maana yake unaweza kuidai taasisi bila kumtaja yule nesi kama mdaiwa. Anaweza kuitwa shahidi, na kwa ulivyoeleza, ushahidi wake unaweza kukusaidia wewe kuliko wao.

Kesi ya uzembe inataka uonyeshe kwamba walikuwa na wajibu kwako, hawakufikia kiwango cha uangalifu kinachotakiwa, na umeumia kwa sababu hiyo. Kigumu huwa hicho cha kati, kwa sababu kinahitaji daktari asimame aseme mwenzake alikosea, na madaktari kwa hilo ni kama ndugu wa ziwa moja. Lakini gozi tumboni si kama kubishana dozi ya dawa. Wanasheria tuna kanuni ya Kilatini inayomaanisha jambo linajieleza lenyewe: gozi haiingii tumboni kwa kutembea. Hapo wao ndio watakaohangaika kueleza.

Muda sasa, na hapa uwe makini. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Usijihesabie kuanzia siku ulipogundua, hata kama kuna hoja ya kisheria ya kufanya hivyo. Jihesabie kuanzia usiku ule wa Machi 2024 ili usiwe na la kubishania. Na kama hospitali ni ya serikali au ya halmashauri, ni lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimeingia humo, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwenu ni Kanda ya Mtwara. Notisi ikikosewa, kesi hutupwa kabla hata hujasikilizwa. Nimeona watu wenye haki zao wakitolewa kwa hilo tu. Kama ni ya misheni au ya mtu binafsi, notisi hiyo haihitajiki.

Kuna watu watakaokuambia nenda polisi, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 233 kinagusa matibabu ya kizembe. Ni kweli kipo. Ila umesema mwenyewe hutaki yule nesi hata afukuzwe kazi, kwa hiyo sioni kwa nini uanzie huko.

Kama huna pesa ya wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia wasaidizi wa kisheria wilayani kwako, barua ya kwanza wanaweza kukuandikia.

---

Mtoto wa Mikindani (7 Septemba, saa 1:45 usiku)

Wakili "kwa mkato" wako ungekuwa kwa kirefu tungelala hapa. Asante lakini.

---

Fundi wa Mtama (27 Septemba, saa 3:30 usiku)

Nimerudi na majibu.

Jumatatu ya tarehe 15 nilienda na shangazi, barua mbili mkononi. Mapokezi wakasema niache tu barua, mhuri uko kwa katibu wa afya, na katibu yuko semina. Shangazi akakaa chini kwenye benchi, akatoa muhogo wake akaanza kula. Saa nane katibu akatokea, hakuwa ametoka semina yoyote. Mhuri tukagongewa.

Siku hiyo faili "linatafutwa". Niliporudi mara ya pili, chumba cha mafaili kimevuja masika. Mara ya tatu, Jumatano iliyopita, nikaitwa kwa Mganga Mfawidhi mwenyewe. Si yule wa zamani, huyu amehamia mwaka huu. Alinipa pole kwa heshima, sina la kusema juu yake. Akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kujua nani alihesabu. Akafungua faili, akasoma, akalifunga. Akamwambia kijana anitolee nakala.

Imeandikwa Kiingereza, kwa hiyo nimesomewa na binti wa jirani aliye kidato cha tano. Kuna sehemu ya gozi. Kabla ya kupasua: 20. Kabla ya kufunga: 20. Halafu neno kwamba imetimia. Pale palipotakiwa jina la aliyehesabu kuna saini, na pale pa daktari aliyepasua kuna saini, nazo ni moja. Mkia ule ule unaopinda kushoto. Mahali pa mtu wa pili wa kuhesabu pako wazi.

Karatasi ya mtoto nayo ipo. Nesi ameandika dakika kwa dakika alichomfanyia mwanangu, kwa mwandiko mzuri kabisa, na muda wake unapita ule ulioandikwa kwamba tumbo langu limefungwa. Bibi Nesi, ulisema niulize walikuwa wangapi. Orodha ya zamu imenakiliwa pia. Manesi wa chumba cha upasuaji usiku ule: mmoja.

Misheni wameniandikia ripoti mpya. Wametaja gozi, vipimo vyake, na urefu wa utumbo uliokatwa.

Mama mkwe bado hazungumzi na mimi vizuri, anasema nimeitangaza nyumba. Mume wangu anasema msimu huu hatuuzi kangomba, tutapeleka ghalani kama watu wengine, na nauli ataitafuta kwingine.

Wakili nimemwandikia pembeni, amekubali kuona karatasi Jumatano. Sijawahi kufika Mtwara mjini kwa shughuli zangu mwenyewe. Mwenye kujua, kutoka stendi mpaka Mahakama Kuu boda wanatoza shilingi ngapi? Nisije nikapigwa bei ya mgeni.